Mabaki ya dawa katika nyama: yasiyoonekana kwa macho

Mama mmoja alinijia kliniki hivi majuzi akiwa na wasiwasi. Alikuwa amenunua nyama ya mbuzi kwa jirani, kisha akasikia kwamba mbuzi huyo alinyunyiziwa dawa ya kupe siku mbili tu kabla ya kuchinjwa. "Daktari, nikiichemsha sana, si dawa itaisha?"

La, usitegemee kuchemsha. Nyama yenye mabaki ya dawa inaweza kukosa harufu, rangi wala ladha ya kukuonya. Hata muhuri wa mkaguzi haupimi dawa. Mkaguzi hutafuta dalili za magonjwa kwa macho na kisu.

Je, mabaki hupimwaje?

Dawa kama DDT hujificha katika mafuta. Mnyama huyahifadhi, nasi tukimla huhamia mwilini mwetu na kukaa miaka mingi. Kwa hiyo mtaalamu huchukua kipande cha mafuta, hukifunga vizuri na kukigandisha kwa barafu hadi kifike maabara. Huko husagwa na kuchanganywa na kiyeyusho kinachoitoa dawa. Kisha mafuta huchujwa, kwa sababu yangeharibu kipimo.

Kinachobaki huingizwa katika mtambo uitwao kromatografu ya gesi. Humo kila dawa hutoka kwa wakati wake, na hivyo hutambulikana. Kifaa alichobuni Mwingereza James Lovelock mwaka 1957 ndicho kilichowezesha kugundua hata chembe ndogo sana za DDT.

Majibu huandikwa kwa miligramu katika kilo. Miligramu moja katika kilo ni sawa na gramu moja katika tani nzima! Kiwango cha juu cha DDT kinachokubaliwa kimataifa katika mafuta ya nyama ni miligramu 5 kwa kilo.

Hata hivyo, hakuna maabara inayoweza kupima kila kilo inayouzwa bucha. Kinga huanza kwa mfugaji. Kibandiko cha dawa hutaja siku za kusubiri kabla ya kuchinja au kuuza maziwa, nazo hutofautiana kutoka dawa moja hadi nyingine. Zisipotajwa, muulize daktari wa mifugo.

Tulimpigia jirani simu atusomee kibandiko. Siku zilikuwa bado. Nilimshauri mama asiipike nyama ile, naye akakubali shingo upande. Ni hasara, lakini watoto wake walilala salama.

Msomaji, ukinunua nyama ya nyumbani, usione haya kuuliza: huyu alinyunyiziwa lini?