Amueni saa ya kuondoka kabla mvua haijaanza

Nakaa Kigogo, Dar es Salaam, upande unaotazama bonde la Mto Msimbazi, juu kidogo ya nyumba zilizolipwa fidia chini ya Mradi wa Bonde la Msimbazi. Wanaotutembelea huuliza kwa nini hatuhami. Kodi ya hapa tunaimudu, Kariakoo tunakofanyia biashara ni karibu, na watoto wanasoma hapa hapa. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua zaidi ya watu 40 jijini, familia nyingi zilipewa viwanja Mabwepande, lakini mabondeni hamkuisha watu. Kwa hiyo nawaandikia wanaobaki: haya ndiyo tunayofanya nyumbani kwetu kila vuli na masika zinapokaribia.

Tunaanza na utabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa taarifa ya siku 5 zijazo ikiwa na ramani ya rangi: manjano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Bado nasikia watu wakisema utabiri ni wa kubahatisha. Si kweli. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitangazwa mapema, wavuvi wakaonywa, boti za Zanzibar zikasimama, na kilipofika Mafia tarehe 4 watu walikuwa wameshajua. Hapo nchi ilifanya kazi yake vizuri na inastahili sifa. Lakini mvua za kimbunga hicho hicho ziliikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi pale Somanga, wilayani Kilwa, na mikoa ya kusini ikakwama. Tangazo linaweza kumtoa mvuvi baharini. Haliwezi kupanua kalavati dogo.

Unaposoma taarifa hiyo, usiangalie mkoa wako tu. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe. Kwetu jua linaweza kuwaka huku maji ya huko yakiwa njiani. Tuna ndugu Gongo la Mboto. Akipiga simu kwamba mvua imeshika tangu alfajiri, sisi huku tunaanza kunyanyua magodoro. Kama unaishi kando ya mto wowote, tafuta mtu wa juu yako mtakayepigiana simu.

Sasa jambo ambalo nalipa uzito kuliko yote. Kila nyumba iwe na alama ya kuondoka, iliyokubaliwa wakati wa kiangazi, watu wametulia. Ya kwetu ni kalavati la njia ya chini. Maji yakifika ukingo wake wa juu, watoto na bibi wanapanda mtaa wa juu kwa shangazi, hata iwe saa nane za usiku. Yeyote aliyeyaona maji pale ana haki ya kuamsha nyumba nzima, hata mtoto, na hakuna kubishana. Naona familia nyingi zenye tochi, zenye akiba ya unga, zenye redio, lakini hazina uamuzi huu. Maji yanapoingia uani baba anasema tusubiri kidogo, mama anasema twende, na usiku unawakuta palepale.

Tena tuseme ukweli kuhusu kinachowafanya watu wasubiri. Wanaogopa vibaka. Ukiondoka, televisheni na cherehani vinabaki bila mwenyewe, na cherehani hiyo ndiyo ada ya shule. Mtu aliyepanga chumba kimoja hawezi kuambiwa tu kwamba uhai ni bora kuliko mali; analijua hilo, ila kesho atakula nini? Kwa hiyo mtaani kwetu tulilipanga pamoja. Vitu vya kazi vinapandishwa mapema, siku ya rangi ya chungwa, kwenye nyumba za juu tulizoelewana nazo. Vijana wa ulinzi shirikishi wanashika zamu kwenye vichochoro vya juu, pasipofika maji, na wanajua kila nyumba ina nani. Bibi wa nyumba ya pembeni ana miguu mibovu, naye ana vijana wake wawili waliokabidhiwa kazi ya kumbeba. Tangu mpango huu uwepo, watu wanakubali kuondoka bila kuvutana.

Mengine ni mepesi. Ndoo yenye mfuniko inabeba vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya taifa, mkataba wa pango, kadi za kliniki na dawa za presha za bibi. Picha za karatasi zote tumemtumia ndugu aliye Dodoma. Kabla ya kutoka, zima swichi kuu ya umeme na funga mtungi wa gesi. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, kila mtoto wetu anaijua kwa kichwa. Usivuke maji yanayokwenda kasi, hata yakiwa chini ya goti, na usikubali dereva avuke ukiwa ndani. Aprili 2024 jijini Arusha gari la shule lilisombwa likiwa na wanafunzi, na wapo waliofariki.

Mkirudi, yaoneeni shaka maji kwanza. Vyoo vya shimo vinakuwa vimefurika, na kipindupindu hufuata njia hiyo. Maji ya kunywa yachemshwe hata kama yanaonekana meupe, na vyombo vyote vilivyoguswa na tope vioshwe kwa dawa.

Hata hivyo, yapo maafa ambayo hayasubiri alama ya nyumba. Tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka, tope na mawe vikashuka hadi Katesh, na zaidi ya watu 80 wakafa. Familia peke yake isingeweza kuliona lile likija. Hapo ndipo tunapoihitaji serikali, na sheria ipo: Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kuwe na kamati za maafa kuanzia taifa hadi ngazi za chini. Kwa maoni yangu nchi yetu imekuwa hodari wa kutabiri na nyepesi kupeleka misaada, lakini kati ya tangazo na mlango wa mwananchi bado pana pengo kubwa. Kamati nyingi huonekana baada ya mazishi.

Pengo hilo tunaweza kulibana kwa kuuliza. Mvua za vuli huanza Oktoba. Kabla ya hapo, nendeni ofisi ya serikali ya mtaa, msiende mmoja mmoja, mkamwulize mwenyekiti: kamati yetu ya maafa ni akina nani? Tukihama usiku tunakwenda shule gani? Na ufunguo wa shule hiyo analala nao nani? Msiondoke mpaka mpate jina na namba ya simu, kisha mbandike majibu hayo kwenye mlango wa kila nyumba.