Zana za Mkono Safarini: Kuainisha na Kufungasha

Jembe, nyundo, msumeno na spana ni zana ngumu. Hazivunjiki kama kioo wala haziozi kama matunda. Hata hivyo, shehena ya zana huweza kuondoka kiwandani iking'aa na kufika bandarini imeshikwa na kutu, au ikazuiliwa forodhani kwa sababu hati zake si sahihi. Hasara zote mbili hupungua mfungashaji anapoelewa zana ni nini na imeundwa kwa maada gani.

Kuainisha

Utaratibu wa kimataifa wa kuainisha bidhaa kwa namba, ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 1988, unafuatwa pia na nchi za Afrika Mashariki. Zana nyingi za mkono zimo katika Sura ya 82. Majembe, sepetu, mashoka na mapanga huandikwa 8201, misumeno 8202, tupa na koleo 8203, spana 8204, nyundo, randa na patasi 8205. Lakini keekee ya umeme imo katika Sura ya 84, na utepe wa kupimia katika Sura ya 90. Sanduku la fundi mmoja, basi, laweza kuwa na bidhaa za sura tatu.

Uzito

Sentimita moja ya ujazo ya feleji ina uzito wa gramu 7.8 hivi. Sanduku la sentimita 40 kwa 30 kwa 20 lina ujazo wa sentimita 24,000. Nusu yake ikijaa feleji, uzito utakuwa kilogramu 93.6, mzigo usioinuliwa na mtu mmoja. Kwa hiyo zana hufungwa katika masanduku madogo na imara. Nzito huwekwa chini, makali hufunikwa, na majembe hupangwa bila mipini ili yaingiane.

Kutu

Chuma hushikwa na kutu kinapokutana na maji na oksijeni. Katika joto la sentigredi 30, meta moja ya ujazo ya hewa huweza kubeba gramu 30 hivi za mvuke. Katika sentigredi 20, gramu 17 tu. Hewa iliyoshiba mvuke mchana ikipoa hivyo usiku ndani ya kontena, gramu 13 hugeuka umande. Chumvi huharakisha kutu, hata ile ya jasho la vidole. Hivyo zana hupanguswa, hukaushwa, hupakwa mafuta, kisha hufungwa kwa karatasi yenye nta. Plastiki nayo hufaa, ila ikifunga zana mbichi huhifadhi maji yale yale yanayoogopwa.

Masanduku ya mbao nayo yawe makavu, kwani mbao mbichi hutoa mvuke. Kwa safari za kimataifa, nchi nyingi hutaka mbao nzima zipashwe joto hadi kiini kifikie sentigredi 56 kwa dakika 30, ili wadudu waharibifu wafe.

Zoezi

1. Kontena tupu lina ujazo wa meta 33. Hewa yake iliyoshiba mvuke ikipoa kutoka sentigredi 30 hadi 20, zitapatikana gramu ngapi za umande?

2. Ainisheni zana za karakana ya shule yenu kwa namba zilizotajwa hapo juu.