Lisemwalo Lipo: Somo juu ya Hofu za Mtandao



Huku Kinjumbi, katika nchi ya Kilwa, habari husafiri upesi. Zamani zilikwenda kwa miguu toka kijiji mpaka kijiji. Siku hizi zafika kwa simu ya mkononi kabla mtu hajamaliza kunywa chai. Na katika hizo ziko za kutisha sana: ya kuwa ndani ya intaneti mna makundi ya siri yawavutayo watoto waende kufa. Mzazi asikiapo hutetemeka, naye huzipeleka kwa jirani usiku ule ule. Akiulizwa, "Umezihakikishaje?" hujibu kwa mithali: Lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Mwezi huu twataka kuipima mithali hiyo.

1. Hofu ya kale

Hofu ya namna hii si ngeni pwani. Wazee wetu waliogopa mumiani, watu waliosemwa kuwa huwakamata wenzao usiku na kuwatoa damu ili itengenezwe dawa. Kenya na Uganda, wakati wa utawala wa Waingereza, walioshitakiwa hivyo vinywani mwa watu ni wazima-moto. Kazi yao ilikuwa kuokoa nyumba zilizoshikwa na moto, lakini watu waliwakimbia kama wauaji.

Mwaka 1959 uvumi wa mumiani ulileta ghasia kule Buguruni, Dar es Salaam, na askari polisi mmoja akauawa. Tuliangalie jambo hili vema. Damu iliyomwagika kweli siku ile haikumwagwa na mumiani, bali na wale waliomwogopa mumiani.

2. Habari ya Nyangumi wa Buluu

Katika Mei 2016 gazeti moja la Urusi, Novaya Gazeta, liliandika juu ya watoto 130 waliojiua katika muda wa miezi sita, likasema kwamba karibu wote walikuwa katika makundi fulani ya intaneti. Habari hiyo ikaenea duniani kwa jina la mchezo wa Nyangumi wa Buluu. Ikasemwa ya kuwa mtoto hupewa amri 50, moja kila siku, na ya mwisho ni kujiua.

Waandishi wengine walichunguza baadaye, nao hawakuona kifo hata kimoja kilichothibitika kuwa kimetokana na mchezo huo. Kosa lilikuwa wapi? Mtoto mwenye huzuni kubwa hutafuta wenzake wenye huzuni, nao huongea habari za huzuni. Watu waliona kundi, wakaona na kifo, wakasema kundi limeleta kifo. Wala hawakuuliza ni huzuni gani iliyomleta mtoto pale. Hatusemi kwamba hakuna ubaya wo wote: kijana mmoja wa Urusi alihukumiwa kifungo mwaka 2017 kwa kuwachochea wengine wajiue. Lakini mtu mwovu mmoja si jeshi la siri lienealo dunia nzima.

Katika Mei 2017 hofu ilifika Kenya. Baada ya kifo cha kijana mmoja wa Nairobi, bodi ya serikali isimamiayo filamu ilitangaza kuupiga marufuku mchezo huo. Lakini mchezo wenyewe haukuuzwa dukani, wala haukuwa programu moja iwezayo kufungiwa. Kilichokuwapo kwa wingi ni jina, na kila tangazo lilizidi kulieneza.

3. Sura ya Momo

Mwaka 2019 ikaja nyingine. Ilisemwa kuwa mwanamke wa kutisha, mwenye macho yaliyotoka nje, aitwaye Momo, hujitokeza katika picha za watoto na kuwaamuru wajidhuru. Huko Uingereza mama mmoja aliwaonya wenzake wa mji wake katika mtandao. Magazeti yakalichukua onyo lake, shule zikawaandikia wazazi, hata polisi wa mahali wakatoa tangazo. Vyama viwili vikubwa vya huko, NSPCC na Samaritans, vikasema havikuona uthibitisho wa mtoto aliyedhurika kwa jambo hilo.

Na Momo mwenyewe ni nani? Ni sanamu ya mpira iliyotengenezwa na fundi wa Japani, Keisuke Aiso, ikaonyeshwa Tokyo mwaka 2016 katika maonyesho ya mizimu. Ilioza, naye akaitupa mwaka 2018. Wakati dunia ilipotetemeka, sanamu haikuwapo tena. Lakini watoto wengi ambao hawakuwa wameiona kamwe waliiona sasa, kwa kuwa watu wazima waliwaletea ile picha ili kuwaonya.

Hapo twaona mithali yetu inavyokuwa kweli kwa njia nyingine. Lililosemwa halikuwapo, likaja kwa sababu tulilibeba sisi wenyewe.

4. Hatari iliyo karibu

Je, mtandao hauna hatari? Unazo, lakini hazina macho ya kutisha. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2022 na UNICEF, ECPAT na INTERPOL juu ya Tanzania ulionyesha kwamba, katika watoto wa miaka 12 hadi 17 watumiao intaneti, 4 katika kila 100 walitendewa ubaya wa zinaa kwa njia hiyo katika mwaka mmoja. Na mara nyingi mtenda ubaya ni mtu ambaye mtoto amjua. Watoto wengi hunyamaza, kwa aibu, au kwa kuogopa kuadhibiwa na kunyang'anywa simu.

Basi mzazi atishaye nyumba yake kwa habari za Momo hulinda mlango wa mbele kwa rungu, na mlango wa nyuma ameuacha wazi.

5. Yatupasayo kutenda

Katika Katekisimo twafundisha watoto amri ya nane, nasi twadhani ya kuwa ushahidi wa uongo ni jambo la mahakamani tu. Lakini mtu atumaye neno asilolihakikisha ametoa ushahidi juu ya jambo asiloliona. Habari ya kutisha ikifika, tuuliza kwanza: nani aliona? Wapi? Lini? Pasipo jibu, ikome kwetu.

Tena tuketi na mtoto, tumwulize anaongea na nani, na kama yuko amwogopaye. Akisema, tusimpige wala tusimfokee; maana akipigwa leo, kesho hatasema tena. Kama ametendewa ubaya, tupige simu namba 116, ya kuwasaidia watoto, isiyolipiwa, au tuwaendee polisi na ustawi wa jamii. Na mtoto mwenye huzuni ya siku nyingi asiachwe peke yake.

Maswali ya kuulizana

1. Katika ghasia za mwaka 1959 ni nani aliyedhuru, na ni nani aliyedhuriwa?
2. Kwa nini kumwonya mtoto kwa picha ya Momo kulikuwa kumletea Momo?
3. Ni habari gani uliyoituma mwezi huu pasipo kuihakikisha? Unaweza kuwarudia wale uliowatumia, ukawaambia hivyo?
4. Mtoto wako akitendewa ubaya leo, ataweza kukuambia? Kama sivyo, ni kitu gani kimzuiacho?