Kabla ya Kununua Koleo la Kubania Fitingi za Shaba

Ukitaka koleo la mkono la kubania fitingi za shaba na mfuko wako ni mdogo, usianze na koleo. Anza na bomba. Chukua kalipa, pima kipenyo cha nje cha bomba lililoko ukutani kwa mteja, kisha pima na lile unalokusudia kununua. Andika namba hizo kwenye karatasi na uende nazo dukani. Mafundi wengi hufanya kinyume: wanaona koleo la bei nafuu Likasi au Lubumbashi, wanalinunua, halafu ndipo wanaanza kutafuta fitingi zinazolifaa.

Hapa Kapolowe, kusini mwa Kongo, kosa hilo ni rahisi kutokea kuliko mahali pengi. Shaba inachimbwa na kusafishwa karibu nasi, na kiwanda cha Shituru pale Likasi kilianza kazi hiyo mwaka 1929, lakini bomba lililokamilika linarudi kwetu kutoka nje, na kila bomba linakuja na vipimo vya nchi lilikotengenezwa. Mzigo unaopita mpaka wa Kasumbalesa ukitoka Zambia na Afrika Kusini una bomba za milimita 15, 22 na 28. Vifaa vya Kifaransa vina 12, 14, 16, 18 na 22. Vya Kimarekani, ambavyo siku hizi vinafika kwa njia ya Dubai au kwa kuagizwa kwenye intaneti, huitwa kwa inchi, na hapo ndipo watu wanapopotea: bomba la maji ambalo Mmarekani analiita nusu inchi lina kipenyo cha nje cha milimita 15.9, na lile la robo tatu lina milimita 22.2.

Ziweke hizo namba pamoja: 15, 15.9, 16. Kwa jicho ni bomba moja. Fitingi ya 15 haiingii kwenye bomba la 15.9, hilo utaligundua mapema na hasara ni ndogo. Hatari iko upande wa pili. Bomba la 15 linaingia vizuri kabisa ndani ya fitingi ya 16, unabana, linaonekana limeshika, kumbe oringi, ile pete ya mpira iliyo ndani ya fitingi, haikugandamizwa ilivyopaswa. Vivyo hivyo 22 ndani ya 22.2. Kiungo cha namna hiyo kinaweza kukaa kimya siku ya majaribio na kuanza kuvuja mteja akishapaka rangi ukuta. Kwa kazi za kwetu, ambazo nyingi ni nyumba za kawaida, mimi ningechagua 15 na 22 na kushikamana nazo, kwa sababu mtu akihitaji kipande kingine mwakani atakipata kwa mzigo wa Kasumbalesa.

Ukishajua kipimo, jambo la pili ni umbo la taya. Taya za koleo hazifanani hata kama kipimo ni kilekile. Kila moja imechongwa herufi: V, M, TH, U na nyinginezo. Kwa fitingi za shaba za maji, zilizo nyingi sokoni zinataka V, mtindo ambao kampuni ya Kijerumani ya Viega iliueneza. Taya ya V inabana pande zote mbili za uvimbe unaobeba oringi, ikiacha pembe sita mbele na nyuma. M ni ya mifumo mingine, hasa ya chuma kisichoshika kutu, na baadhi ya fitingi za shaba pia zinaikubali. TH na U ni za bomba za tabaka nyingi, zile za plastiki zenye alumini katikati. Usikisie. Soma kilichoandikwa kwenye mfuko wa fitingi, halafu soma kilichochongwa kwenye taya. Herufi zisipolingana, liache dukani hata likishushwa bei nusu.

Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu makoleo mengi ya bei ndogo yanayouzwa kwa picha kwenye simu ni ya bomba za plastiki. Seti yenye taya za 16, 20 na 25 au 26 si ya shaba. Mengine yanatangazwa kwa neno shaba, kumbe shaba inayozungumziwa ni pete tu inayovishwa juu ya bomba la plastiki na kubanwa. Mtu anaona picha ya pete ya shaba, anatuma dola zake, anangoja mwezi mzima, na kifaa kinachofika hakiwezi kumfanyia kazi hata moja. Kabla ya kulipa mwambie muuzaji akupigie picha ya maandishi yaliyo kwenye taya yenyewe. Picha ya sanduku haitoshi.

Sasa mikono yako. Koleo la mkono linategemea urefu wa mpini, na mpini mrefu unahitaji nafasi ya kufunguka. Bafuni, nyuma ya sinki, au bomba likiwa limepita sentimita chache kutoka kona, huenda usiweze kuifungua mipini yote miwili. Tafuta lenye mipini inayoweza kurefushwa na kufupishwa, na kichwa kinachozunguka kama bei inaruhusu. Kwa 15 na 22 mtu mwenye nguvu za kawaida anamudu. Kwa 28, koleo la mipini mitupu ni mateso, na mbano usiofika mwisho ni sawa na kutokubana. Hapo afadhali lile la haidroli linalopampu kwa mkono. Mashine ya betri yenye jina hupita dola elfu moja na inataka umeme wa kuichaji kila mara, kwa hiyo kwa fundi wa kijijini mwenye kazi chache kwa mwezi siioni kuwa ya lazima.

Ukiwa mbele ya meza ya muuzaji, fungua na ufunge koleo mara kadhaa bila kitu ndani. Taya mbili zikutane kabisa, ncha kwa ncha, bila mwanga kupita kati yake. Shika taya moja uitikise: pini ikicheza leo, baada ya kazi chache itacheza zaidi. Pitisha kucha ndani ya mfereji wa taya ukitafuta mkwaruzo au ufa. Uliza kama lina kizuizi kinachokataa kuachia mpaka mbano ukamilike. Koleo lenye kizuizi hicho lina thamani kubwa kuliko lenye mfuko mzuri wa kubebea. Uliza pia kama taya zinauzwa peke yake, maana taya ikivunjika na hakuna nyingine, umebaki na vyuma viwili virefu.

Kisha omba kubana moja. Nunua fitingi moja na ukate kipande kifupi cha bomba, ubane pale pale. Pembe sita ziwe wazi kuzunguka pote, na fitingi isimame sawa na bomba bila kupinda. Pima kwa kalipa kati ya ubapa mmoja na ubapa unaoutazama, pima na jozi nyingine mbili: namba zikiachana waziwazi, koleo linabana upande. Nyumbani kikate kile kiungo kwa msumeno kwa urefu wake utazame ndani. Utaona kama oringi imelala sawasawa au imekatika. Gharama yake ni fitingi moja, na hakuna maelezo ya muuzaji yatakayokufundisha zaidi ya hapo.

Kuna kazi ambazo koleo hili halifai, hata likiwa zuri. Kapolowe ni mahali pa samaki wa Ziwa Tshangalele, na fundi wa maji huenda akaitwa na muuza samaki amtengenezee frijo. Bomba za frijo ni za shaba pia, lakini zinapimwa kwa inchi, gesi yake ina shinikizo kubwa na mafuta ndani, na oringi nyeusi ya maji, ile ya EPDM, huvimba ikiguswa na mafuta ya madini. Usizibane kwa fitingi za maji. Kwa sababu hiyohiyo usipake grisi wala mafuta ya injini kwenye oringi ili bomba liteleze. Maji safi au maji ya sabuni yanatosha. Gesi ya kupikia ina fitingi zake zenye oringi ya njano. Na kwa hita za jua za mirija ya vakumu, ambazo joto lake linaweza kupita kiwango ambacho oringi nyeusi inavumilia, ulizia oringi ya FKM au ulehemu.

Kulehemu, kwa kweli, bado ni njia nzuri. Kama tayari una tochi, gesi inapatikana na bomba ni kavu, lehemu itakugharimu kidogo kuliko fitingi za kubana, ambazo kila moja ni ghali. Koleo linajilipa pale ambapo moto ni hatari, kama chini ya paa la nyasi au dari la mbao, au pale ambapo maji hayakauki ndani ya bomba kwa sababu valvu kuu haifungi vizuri. Mafundi wawili au watatu wanaoaminiana wanaweza kulinunua pamoja. Ukichanganya njia zote mbili kwenye nyumba moja, lehemu kwanza, acha shaba ipoe, ndipo ubane. Moto ulio karibu unaunguza oringi.

Siku ya kazi, kata bomba kwa kikata bomba, mraba kabisa, kisha ondoa ukali wa ukingo ndani na nje kwa tupa ndogo. Pitisha kidole pole pole: kinachokwaruza ngozi kitakata oringi. Tazama ndani ya fitingi uone oringi ipo mahali pake. Pima kina cha fitingi, weka alama kwa kalamu juu ya bomba, sukuma huku ukizungusha mpaka alama ifike mdomoni. Bana mara moja, mpaka mwisho, na usirudie juu ya mbano uleule. Bomba laini la kuviringishwa likinyooshwa huwa na umbo la yai, kwa hiyo lirudishe duara kwanza.

Ukifungua maji, yafungue kidogo. Fitingi nyingi nzuri zimetengenezwa zivuje zisipobanwa, na kwa shinikizo dogo ndipo kiungo ulichokisahau kinajionyesha. Ukifungulia nguvu zote ghafla, oringi inaweza kuziba kwa muda na kukudanganya. Zunguka kila kiungo na kitambaa kikavu mkononi. Ndipo upandishe shinikizo hadi mara moja na nusu ya lile la kawaida, uliache kwa muda huku ukitazama geji, na mteja awe amesimama pale akiona sindano haishuki.