Anayetapika Asubuhi Bila Homa

Mtoto akitapika tunafikiria malaria, minyoo au chakula kilicholala, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini yupo anayeamka ameshika kichwa, anatapika kabla hajaonja uji, na ikifika saa nne anacheza kama hakuna kilichotokea. Kesho yake hivyo hivyo. Hana homa, haharishi, malaria haionekani. Mwalimu anadhani anatega shule. Huyo huenda ana uvimbe kwenye ubongo.

Ni ugonjwa wa nadra, tusitishane. Hauambukizi, mtoto hakurogwa, wala si kosa la mama.

Kwa nini asubuhi? Ubongo umezungukwa na maji yanayotiririka usiku na mchana. Uvimbe ukiziba njia, maji hujaa ndani ya fuvu lisilotanuka. Mtoto akilala, presha hiyo huzidi. Akiinuka, hupungua kidogo. Kwa mtoto mchanga mifupa ya fuvu haijaungana, hivyo kichwa hukua haraka na utosi hutuna. Nesi anayezungusha futi kichwani kliniki hakupotezei muda.

Mara nyingi uvimbe huota upande wa kisogoni, panaposimamiwa mizani ya mwili. Mtoto aliyekuwa akikimbia vizuri anaanza kupepesuka, anamwaga chai, anagonga fremu ya mlango. Kama ni wa shule, mwambie atembee juu ya mstari wa sakafu, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, umlinganishe na wenzake. Wengine hupata makengeza ambayo hawakuzaliwa nayo, huinamisha shingo upande mmoja, au mwandiko huharibika ghafla.

Uingereza, kampeni ya HeadSmart ilianza kuwafundisha wazazi na madaktari dalili hizi mwaka 2011. Muda wa kugundua ugonjwa, uliokuwa zaidi ya wiki 14, ulishuka chini ya wiki 7.

Kutapika kukifika wiki mbili, usikubali dawa ya minyoo kwa mara ya tatu. Omba achunguzwe macho kwa ndani na aandikiwe rufaa ya picha ya kichwa, CT au MRI. Akipata degedege bila homa au akiwa mzito kuamka, nenda siku hiyo hiyo, hata usiku. Beba kalenda ya ukutani uliyotia alama kila asubuhi aliyotapika. Daktari ataisoma haraka kuliko maelezo yako.