Chanjo ya ndigana kali: pima ndama kwanza

Chanjo nyingi tunazobeba kwenye boksi la barafu zina vimelea vilivyouawa au vilivyodhoofishwa maabara. Ya ndigana kali haiko hivyo. Ndani ya ule mrija mwembamba mna vimelea hai vya Theileria parva, vyenye nguvu zao zote, vilivyopatikana kwa kusaga kupe walioambukizwa. Ukimdunga ndama vimelea hivyo peke yake, umempa ndigana kali ileile ambayo angeipata malishoni. Kinachogeuza ugonjwa kuwa kinga ni oksitetrasaiklini inayokaa mwilini muda mrefu, inayochomwa siku hiyohiyo. Dawa hiyo huvipunguza vimelea kasi mpaka mwili wa ndama uvitambue na kuanza kupambana navyo.

Kwa hiyo unapochanja unaambukiza na kutibu kwa mkupuo mmoja. Ukisikia kijijini kwamba "chanjo imeua ndama", ulizia upande wa tiba kabla ya kuulizia mrija: dawa ilikuwa kidogo, ilikuwa ya aina nyingine, au aliyechanja alikusanya vyombo akaondoka asirudi. Upande huo ndio nitakaoukalia zaidi hapa, kwa sababu mafunzo mengi huutumia muda wao kwenye mtungi wa naitrojeni, na mtungi ndio unaoogopwa na kila mtu hata bila kuambiwa.

Mbinu yenyewe si ngeni. Iliendelezwa Muguga, nchini Kenya, miaka ya 1970, na mchanganyiko wa vimelea unaotumika mpaka leo unaitwa kwa jina la mahali hapo. Una aina tatu: Muguga, Kiambu 5 na Serengeti. Siku hizi hutengenezwa Lilongwe, Malawi, kwenye kituo cha Umoja wa Afrika cha kupe na magonjwa yaenezwayo na kupe. Huku kaskazini mwa Tanzania, wafugaji wa Simanjiro, Monduli, Longido na Ngorongoro waliipokea na kuilipia kwa fedha zao, na mnadani ndama mwenye hereni ya chanjo akawa anauzwa bei nzuri kuliko mwenzake. Hereni hiyo ni dhamana. Usimvalishe ndama ambaye hukumchoma, hata mzee akikusihi.

Kabla ya kwenda

Mrija uliozoeleka una dozi 40. Ukishayeyuka haurudi kwenye naitrojeni, na ukishachanganywa haulali kwenye jokofu kusubiri kesho. Hesabu hiyo ndiyo inayopanga safari nzima. Ukienda kwenye boma lenye ndama 23 umetupa dozi 17, na mtu atazilipia, ama wewe ama mfugaji. Pitia maboma wiki moja kabla, andika majina na idadi, ukusanye malipo ya awali, kisha mkubaliane kukutana kwenye kibanio kimoja. Ahadi ya "nitaleta thelathini" isiyo na malipo ya awali huwa inafika ikiwa kumi na mbili, hasa mvua zikinyesha asubuhi hiyo.

Mwambie pia mfugaji nani asiletwe. Ndama aliye chini ya umri wa mwezi mmoja abaki nyumbani. Ng'ombe mwenye mimba kubwa abaki. Aliyedhoofu na anayeumwa abaki. Mwenye homa ndiye wa kumwangalia kuliko wote, maana huenda tayari ana ndigana kali ya malishoni inayoatamia. Ukimchoma leo akafa wiki ijayo, hakuna maelezo yatakayokusaidia mbele ya wazee. Pima joto la kila mmoja kabla ya sindano, tena mapema asubuhi, kwa sababu ng'ombe aliyeswagwa kilomita tano juani atakuonyesha homa ambayo si ugonjwa. Anayezidi nyuzi 39.5 mtenge na umwangalie.

Mtungi sitauzungumzia sana. Naitrojeni ina baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, kwa hiyo vaa glavu na miwani, usikaze kifuniko, fungua madirisha ya gari. Pima kimo chake kwa fimbo kabla ya kuondoka na ukifika. Anayefanya uhimilishaji anayajua haya yote. La kuongeza ni kwamba unapotafuta mrija wako usiinue kikapu chote nje ya shingo ya mtungi, kwani mirija mingine inayopata joto na kuganda tena hupoteza nguvu bila kuonyesha dalili yoyote. Kuyeyusha, kuchanganya na muda wa kusubiri fuata kijikaratasi cha toleo ulilonalo, wala si kumbukumbu ya toleo la mwaka juzi. Mchanganyiko ukae kwenye barafu, kivulini, utumike ndani ya saa chache zilizoandikwa hapo. Ndiyo maana ng'ombe wote wawe wameshafika na kupimwa kabla hujagusa mrija.

Uzito, uzito, uzito

Kipimo cha dawa ni miligramu 30 za oksitetrasaiklini kwa kila kilo ya uzito. Kwa dawa ya asilimia 30 hiyo ni mililita 1 kwa kila kilo 10, hesabu nyepesi ambayo kila mtu anaikariri. Ubaya ni kwamba anaikariri bila ile "asilimia 30". Duka la pembejeo likiishiwa, anachukua chupa ya asilimia 20, iliyojaa kila mahali, na kuendelea na mililita 1 kwa kilo 10. Ndama wa kilo 80 anapata mililita 8 zilezile, lakini mwilini zimeingia miligramu 20 kwa kilo badala ya 30. Theluthi nzima imekosekana. Chupa ya asilimia 10 ni balaa zaidi: ndama anapata miligramu 10 tu kwa kilo, tena za dawa ambayo kwa kawaida haikai mwilini muda unaohitajika. Chupa hizi zinafanana rangi na herufi. Soma asilimia kwa sauti, mwenzako aisikie, kabla ya kuvuta dawa.

Kosa la pili ni la jicho. Kila afisa mifugo anaamini jicho lake, na jicho la mtu aliyechoka saa saba mchana hupunguza. Ndama huyohuyo wa kilo 80 akikadiriwa kuwa na 60 anachomwa mililita 6, yaani miligramu 22.5 kwa kilo. Kwenye kundi la ndama arobaini hutaliona kosa hilo siku hiyo. Utaliona baada ya wiki mbili.

Kwa hiyo pima. Ndama wadogo wanaweza kuning'inizwa kwenye ile mizani ya kupimia magunia ya mahindi, kwa turubai imara na watu wawili. Hakuna kipimo cha uhakika kuliko hicho, na wafugaji wenyewe hufurahia kuona kilo zikisomwa. Wakubwa wapime kwa utepe, ukizungushwa kifuani nyuma tu ya miguu ya mbele, mnyama akiwa amesimama sawasawa na kichwa kimeinuka. Lakini utepe uliotengenezwa kwa ajili ya Friesian hausemi kweli juu ya zebu wa Simanjiro. Upeleke mnadani penye mizani, upime ng'ombe wa asili kadhaa kwa vyote viwili, na uandike tofauti pembeni ya utepe kwa kalamu isiyofutika. Ukibaki na shaka kati ya kilo 70 na 80, chukua 80. Mnyama huumizwa zaidi na dozi iliyopungua kuliko iliyozidi kidogo.

Andika uzito ubavuni kwa chaki ya mifugo wakati anapopimwa. Mwenye sindano asome namba, asikadirie upya.

Kwenye kibanio

Oksitetrasaiklini huingia ndani kabisa ya msuli. Ng'ombe wa kilo 200 anahitaji mililita 20, na hizo usizimwage mahali pamoja: gawanya, isizidi mililita 10 kwa sehemu moja, na kwa ndama pungufu ya hapo. Chanjo yenyewe huenda chini ya ngozi, kwenye tezi lililo chini ya sikio. Ukisikia bomba linapita kirahisi mno na manyoya ya upande wa pili yamelowa, umetoboa ngozi pande zote mbili na chanjo imemwagika.

Kipi kitangulie? Kama mwongozo wa toleo lako hausemi vinginevyo, mimi napendelea dawa itangulie. Ndama hukurupuka na vibanio vya miti huvunjika. Aliyetoroka akiwa na dawa bila chanjo ni hasara ya pesa tu, lakini aliyetoroka na chanjo bila dawa ni ndama aliyeambukizwa ndigana kali ambaye sasa mnamkimbiza porini.

Badilisha sindano kwa kila mnyama. Najua zinagharimu. Lakini ndigana baridi huhama kwa damu iliyobaki kwenye sindano, na itakuwa aibu kukinga ugonjwa mmoja ukasambaza ndugu yake.

Siku zinazofuata

Hapa ndipo wengi wetu tunapotoweka. Tezi la chini ya sikio kuvimba kidogo wiki ya pili si jambo la kutisha, ni dalili kwamba chanjo imeshika. Kinachotakiwa kukurudisha bomani ni homa isiyoshuka, matezi ya mbele ya bega nayo kuvimba, ndama kuacha kunyonya, macho kutoa machozi au kupata ukungu, na kupumua kwa shida. Wengi wanaoumwa kutokana na chanjo huonyesha dalili kati ya mwishoni mwa wiki ya kwanza na wiki ya nne. Panga kurudi angalau mara moja kwenye wiki ya pili au ya tatu, na gharama ya mafuta ya safari hiyo iwe ndani ya bei ya chanjo tangu mwanzo. Ukiiacha nje hutakwenda.

Maelekezo usimpe mzee wa boma peke yake. Yeye ndiye mwenye ng'ombe na heshima yake ipo, lakini anayemshika ndama asubuhi na jioni wakati wa kukamua ni mama. Mwombe mzee ruhusa, kisha mwonyeshe mama kwa vidole vyake tezi liko wapi, chini ya sikio na mbele ya bega, kwa ndama mzima kwanza ili ajue hali ya kawaida. Acha namba yako ya simu. Ukisikia "daktari, yule mweupe hajanyonya tangu jana", usijibu kwamba utapita wiki ijayo.

Homa ikizidi nyuzi 39.5 kwa siku tatu mfululizo na matezi yamevimba, choma buparvakwoni, miligramu 2.5 kwa kilo. Kwa dawa ya asilimia 5 ni mililita 1 kwa kilo 20, kwenye msuli wa shingo, na inaweza kurudiwa baada ya saa 48 hadi 72. Ndama anayeonyesha dalili nzito usimsubirishe siku tatu. Dawa hii hufanya kazi vizuri mapema. Povu likianza kutoka puani, mapafu yameshajaa maji, na hata ukiongeza furosemaidi matumaini ni madogo. Beba chupa ya buparvakwoni kila unapokwenda kuchanja, usiifuate mjini baada ya simu.

Mweleze pia mfugaji mipaka ya chanjo. Haizuii ndigana baridi, kukojoa damu wala maji moyo, kwa hiyo josho halifungwi. Wiki nne za kwanza uogeshaji uendelee bila kuruka, kinga ikiwa bado inajengeka. Baadaye anaweza kuupunguza, si kuuacha. Na pale ng'ombe wanapolisha pamoja na nyati, usimwahidi makubwa. Vimelea vya nyati vina sura nyingi kuliko hizo tatu za mrijani. Katika jaribio lililofanyika Ol Pejeta, Laikipia, ng'ombe waliochanjwa wakawekwa penye nyati, wengi wao walikufa. Nyama na maziwa ya waliochomwa visubiri siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa.

Kuna jambo la madaftari ambalo wengi hulifanya kwa uvivu. Ng'ombe aliyechanjwa hubaki na vimelea mwilini akiwa mzima, na kupe akimnyonya anaweza kuvipeleka kwa wengine. Kwenye eneo lenye ndigana kali tangu zamani hilo halina shida. Lakini Ngazija, huko Komoro, ugonjwa ulizuka mwaka 2003 na 2004 na kuua ng'ombe wengi, na watafiti waliofuatilia walihoji kama haukufika na ng'ombe waliochanjwa waliotoka Tanzania. Basi andika namba ya hereni, tarehe, toleo la chanjo, uzito, mililita za dawa na jina la kijiji, na nakala abaki nayo mfugaji. Mnunuzi anayetaka kumsafirisha mnyama kwenda pasipo na ugonjwa huu anastahili kujua anabeba nini.

Kinga hairithiwi. Ndama watakaozaliwa msimu ujao watahitaji sindano zao, kwa hiyo kubalianeni mwezi wa kurudi kabla hujapakia mtungi kwenye gari, na uanze kukusanya majina ya kutimiza arobaini.