Sarafu ya Babu Isikwanguliwe

Swali: Marehemu babu aliniachia sarafu ya njano iliyoandikwa 20 Heller, mwaka 1916, na herufi T. Sonara hapa Geita anataka kuikwangua aone kama ni dhahabu. Wakusanyaji wenzangu wanasema niisugue ing'ae ndipo niiuze. Nifanyeje?

Jibu: Usiikwangue wala usiisugue. Hiyo ni shaba ya njano. T ni Tabora: Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoifunga njia ya bahari, Wajerumani waligonga sarafu kwenye karakana ya reli huko, hadi Wabelgiji walipoutwaa mji Septemba 1916. Ya dhahabu ni ya rupia 15, yenye tembo na mlima nyuma yake, uzito gramu 7 na ushei. Dhahabu yake ilitoka Sekenke.

Heller 20 ziligongwa nyingi, hivyo usitegemee utajiri. Hata hivyo, ule weusi uliotanda juu yake kwa zaidi ya miaka mia ndio mkusanyaji anaoulipia. Ukiutoa kwa limao au majivu, haurudi tena. Ishike ukingoni, uihifadhi pakavu.

Ukiiuza, piga picha mwenyewe, pande zote mbili, mchana. Kama ina mkwaruzo, useme kabla hujaulizwa. Na mwenzako akiwa anapatana bei na mtu, usimfuate mnunuzi pembeni na sarafu yako; subiri wamalizane. Hilo naliona zito kuliko yote, maana wakusanyaji tuko wachache na tunategemeana kutambua sarafu bandia.